Malori Yaliyomsubiri Waziri

Castelgrigio, 9 Januari

Mdogo wangu Canio,

Sisi tu wazima, kwa maana ya kwamba tunapumua na tunakula. Mama anakusalimu. Bado tunaishi kwenye behewa la treni walilotupatia pale kituoni, sisi watatu upande huu wa pazia na familia ya Donvito fundi viatu upande ule. Mama halali bila kuvaa viatu. Nikimwambia avue, ananiambia nianze mimi. Binti yako Assuntina ameota jino jipya. Juzi alimnyang'anya mtoto wa Donvito mwanasesere, wakapigana mpaka damu za pua zikawatoka. Nilimchapa, kisha nikalia mimi badala yake. Anakuulizia kila siku. Nimemwambia baba amerudi kiwandani Uswisi. Usinilaumu, huo ndio uongo uliokuwa karibu.

Misa tunasali hemani. Ndugu za marehemu mkeo Filomena wamehamia Torino wote na hawasemi kurudi. Mbwa wa hapa wameuawa. Wanaume walitoka na bunduki wakawapiga risasi hata wa kufugwa, kwa sababu walishaanza kuchimba kwenye kifusi na kupata walichokitafuta. Sitakueleza zaidi ya hapo.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kuandika. Mwanasheria anasema hajawahi kuona kesi ikienda mbio kama yako. Tetemeko lilikuja vuli inaisha, na kabla ya Krismasi ulikuwa umeshafungwa. Mama aliposikia alisema, "Kumbe serikali inaweza kukimbia ikitaka." Lakini mimi sijui ulifanya nini, Canio. Siku ile nilikuwa nyuma ya kanisa naosha maiti. Kila mdomo hapa una hadithi yake. Wengine wanasema ulimvamia yule sajini kwa nyuma, wengine wanasema alikutolea bastola kwanza. Anaitwa Oreste Galluzzi, yuko hospitali, taya limefungwa kwa waya. Niandikie kwa mkono wako, nijue la kumjibu mtu akiniuliza.

Dada yako,
Incoronata


Gerezani, 2 Februari

Dada Incoronata,

Barua yako ilifika imeshafunguliwa na kubandikwa upya, kwa hiyo namsalimu pia bwana anayetusoma. Nawe nakusalimu, na Mama, na umbusu Assuntina pale shingoni anapotekenyeka. Chakula ni maharagwe, kesho maharagwe. Kikohozi kimepungua. Nashukuru kwa soksi.

Umeniuliza, nakujibu. Jumapili ile tulikuwa bwenini kule Uswisi tunacheza karata. Redio ikasema milima ya kwetu imetikiswa, kisha ikarudi kwenye muziki. Alfajiri ya Jumatatu nilikuwa kwenye treni. Tulishuka Milano, tukanunua koleo, maana wote tuliokuwa kwenye behewa lile tulikuwa watu wa milimani na hakuna aliyedhani atazikuta kwetu. Kutoka Napoli tukapata basi mpaka kwenye daraja lililovunjika, tukapanda mlima kwa miguu kwenye theluji. Njia nzima hatukupishana na lori hata moja la jeshi. Jumanne mchana nikaingia Castelgrigio, na wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti katikati ya barabara, mikono imefungwa matambara, Filomena kando yako chini ya blanketi jekundu.

Nikachimba. Nilichimba nyumba za watu, kwa kuwa yangu haikuwa na mtu tena. Alhamisi bado tulikuwa tunasikia kugonga chini ya nyumba ya mshonaji. Ndipo helikopta ikatua kwenye uwanja wa mpira, na nyuma yake yakaja malori. Tukakimbilia lori la kwanza tukidhani ni majeki na misumeno. Lilikuwa limejaa majeneza.

Waziri alivaa buti mpya. Akasimama mbele ya wapiga picha akasema serikali iko pamoja nasi. Nikamsogelea, mpini wa sururu mkononi, sikuwa na nia mbaya bado. Nikamuuliza ametoka wapi. Akasema Roma. Nikamwambia, "Mimi nimetoka Uswisi, mheshimiwa, na nimefika Jumanne."

Akatabasamu. Akaniwekea mkono begani, akageuka kidogo ili kamera itupate wote wawili, akasema, "Hongera, kijana. Nchi inahitaji watu kama wewe."

Niliinua mpini nikalenga kichwa. Dada, nakuambia na huyo bwana anayesoma asikie: nililenga kuua. Mtu akaingia katikati. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla sijaona ni uso wa nani. Walinzi wakaniangusha wakanipiga mateke mpaka nikatema meno, na watu wetu wakaanza mawe. Wakavunja vioo vya magari, mke wa Donvito akampasua mpiga picha kichwa kwa kamera yake mwenyewe, waziri akaburutwa na watu wake mpaka kwenye helikopta akiwa na buti moja. Kule chini ya nyumba ya mshonaji, watu waliporudi kusikiliza, hakukuwa na mtu anayegonga tena. Hilo waliniambia baadaye.

Sijutii ila kumkosa niliyemkusudia.

Nami nina swali. Jumanne ile nilipofika uliniangalia ukasema, "Umechelewa kidogo, mdogo wangu." Mimi nimekaa na neno hilo tangu waliponifungia mlango. Kidogo ni kiasi gani? Filomena alikufa lini?

Canio


Castelgrigio, 20 Februari

Mdogo wangu,

Salamu za Mama, na za Assuntina aliyechora farasi nyuma ya karatasi hii. Anasema ni farasi, mimi naona meza. Theluji imeyeyuka na matope yameingia mpaka chini ya vitanda. Mke wa Donvito ana mimba. Kwenye behewa hili, nyuma ya pazia lile, sijui walipata wapi nafasi, lakini hongera zao. Mwanamume mmoja kutoka bonde la chini alikamatwa akivua pete kwenye makaburi. Vijana wetu walimpiga mpaka akapoteza jicho. Padre alijaribu kuwazuia, wakamsukuma naye akaanguka. Siku hizi hasira inatembea barabarani kama mkazi mwingine wa mji.

Nilikwenda hospitali kumwona yule sajini. Mama hakutaka. Nilimpelekea mchuzi wa kuku niliouchuja, maana hatafuni. Nilidhani atageuzia uso ukutani. Ni mtu mzima, nywele zimeanza mvi, mjane. Anaongea kupitia meno yaliyofungwa, unasikia kama mtu aliye chumba cha pili. Aliuliza kama wewe ndiye uliyekuwa na koleo yenye kibandiko cha duka la Milano. Nikasema ndiyo. Kisha akasema jambo ambalo nataka ulisikie ukiwa umekaa.

Malori yao yalikuwa tayari Jumapili ile ile, uani mwa kambi yao, majeki ndani, misumeno ndani, injini zinanguruma. Kutoka kwao mpaka kwetu ni safari ya asubuhi moja, na barabara ya upande wao haikukatika. Lakini amri haikuja. Jumatatu haikuja. Jumanne wakaambiwa waziri atafuatana nao mwenyewe, wamsubiri, na wanahabari bado wanakusanywa. Madereva wakazima injini. Yeye alikwenda mara mbili kuomba ruhusa, mara ya pili wakamtishia kumvua cheo. Jumatano wakaletewa majeneza, wakaamriwa kushusha majeki kupisha nafasi.

Anasema tume ya bunge itakuja huku kuchunguza uharaka wa serikali, na kwamba atasimama aseme hayo taya likipona.

Kuhusu ulichouliza. Filomena alikufa papo hapo, boriti ilipoanguka. Hakuteseka. "Kidogo" ni neno tu, nilikuwa sijalala.

Incoronata


Gerezani, 15 Machi

Dada,

Natumaini matope yamekauka na Mama amekubali kuvua japo kiatu kimoja. Mwambie Assuntina farasi wake ni farasi.

Mwanasheria atakueleza kwamba nimeongezewa miezi, ni afadhali uyasikie kwangu. Kuna jamaa mmoja hapa kwenye chumba chetu alikuwa akitikisa kitanda changu nikilala, kisha anaangua kicheko na kupiga kelele kwamba nyumba inaanguka. Wenzake wakicheka. Nilivumilia wiki nzima. Jumamosi tukiwa bafuni nilimshika kichwa nikakipiga kwenye bomba. Alikuwa na kisu cha kijiko kilichonolewa, akanipitishia kiganjani. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki. Yeye bado hajui jina lake vizuri. Basi, yamepita.

Nimeyasoma ya malori. Nimeyasoma mpaka karatasi ikalainika. Mwambie sajini nimeyapata.

Lakini wewe hukunijibu. Tangu utoto ukisema uongo unaandika sentensi fupi. Kama Filomena alikufa papo hapo, mikono yako ilifungwa matambara kwa nini? Mtu hang'oi mawe mpaka kucha zikatoka kwa ajili ya maiti.

Yupo mzee mmoja hapa anatoka kabla ya Pasaka. Anatoka mitaa ileile ya Roma anakokaa waziri, anamjua kwa sura, anajua anakonyolewa ndevu. Ana deni la uhai kwangu kwa jambo ambalo halikuhusu. Sisemi zaidi, barua hii inanuswa na wengi, na huyu bwana anayetusoma nimempa sigara zangu zote ili aruke ukurasa huu.

Nijibu.

Canio


Gerezani, 30 Aprili

Dada,

Salamu kwa wote. Pasaka imepita na sijapata barua. Mzee yule ametoka. Anasubiri neno langu. Nitalitoa kulingana na utakaloniandikia, au nisipoandikiwa kitu, nitalitoa vilevile.

Canio


Castelgrigio, 18 Juni

Mdogo wangu Canio,

Mama mzima. Assuntina mzima, ameanza kuruka kamba na kujifanya hanisikii nikimwita. Mke wa Donvito tumbo limemwelemea, anamtukana mumewe kila asubuhi kwa sauti ya kutuamsha wote. Wametuletea mabanda ya mbao, na ubao wa kwanza umeshapinda. Hayo ndiyo mazuri.

Barua zako mbili nilikuwa nazo. Nilikaa kimya kwa makusudi. Kila nilipotaka kuandika nilimwona mzee wako akiwa amesimama nje ya kinyozi, nikaweka kalamu chini. Sasa limesemwa mbele za watu, magazeti yatalichapisha, na sitaki ulisome kwenye gazeti lililofungia sabuni ya mtu.

Tume ilikuja Jumatatu. Walikaa shuleni, kwenye chumba kisicho na ukuta wa nyuma, wakatundika turubai. Waziri alikuja naye, amenenepa. Alisema vizuri, lazima nikubali. Alisema hakuna serikali duniani iliyo na mabawa, kwamba barabara zilikatika, na kwamba kwa mujibu wa madaktari wake waliofukiwa wote walikufa Jumapili ileile, kwa hiyo hata angefika Jumatatu angewakuta hivyohivyo. Aliyasema kwa upole, kama anayetufariji.

Sajini Galluzzi akasimama. Taya limeunga upande, maneno yanatoka yameinama, lakini yalitoka. Alisema ya malori, ya injini, ya majeki kushushwa. Mwenyekiti alimuuliza kama anajua anachokihatarisha. Akajibu kwamba anajua, alishaambiwa. Waziri hakumtazama. Akasema tu kwamba malori yangefika au yasingefika, wafu walishakuwa wafu.

Hapo ndipo niliposimama, Canio. Sikuitwa. Nilisimama kwa sababu nilijua kwa mikono yangu mwenyewe kwamba ni uongo.

Filomena alikufa Jumanne, jua lilipokuwa limeshapanda juu ya mnara. Boriti ya mlango ilikuwa imemlalia miguuni, na juu ya boriti ghala zima la juu. Niliondoa mawe mpaka nikapata tundu la kupitisha mkono, nikamshika mkono wake. Tulijaribu, mimi na Donvito na wazee waliobaki, kwa nondo za kitanda, kwa kamba ya punda. Kila tulipoisogeza ilishuka zaidi naye akapiga yowe, tukaacha. Jeki moja, Canio. Jeki moja la lori. Jumatatu yote aliongea. Aliuliza kama Assuntina amekula. Alimtukana punda. Kulipoanza kuingia baridi aliniuliza, "Wifi, wanakuja?" Nikamwambia wanakuja. Akaniuliza tena Jumanne asubuhi, nikamwambia nawaona wanakata kona. Alinikaza vidole mpaka nikadhani vitavunjika, kisha hakunikaza tena. Nikamtoa baadaye kwa msumeno wa Donvito. Usiniulize tulikata nini. Ndiyo maana ya lile blanketi, na ndiyo maana sikukuruhusu ulifunue. Wewe ulitokea bondeni baada ya hapo.

Hayo niliyasema, na nikainua mikono yangu wazione kucha. Waziri akasema anasikitika sana lakini huzuni mara nyingi huchanganya siku. Mama, ambaye hajasema neno mbele ya wageni tangu vuli, akainuka na kumtemea mate usoni. Mlinzi akamsukuma Mama, akaanguka kwenye kifusi cha ule ukuta. Basi. Meza zikaruka. Donvito alimpiga mlinzi kwa kiti, walinzi wakatoa virungu, wakawapiga hata wanawake, mke wa Donvito akajikunja chini akikinga tumbo. Turubai likaanguka juu yetu sote, na tukapigana chini yake bila kujua nani anampiga nani. Mimi nilipasuka juu ya jicho. Mama amevunjika mkono, unaunga vizuri. Mimba haikuharibika.

Uamuzi wa tume utatolewa baada ya uchaguzi. Ndivyo walivyosema walipokuwa wanajipangusa vumbi.

Sasa unajua. Nilikuficha ili nisiwe na ndugu muuaji, na sikuombi msamaha kwa hilo. Fanya unalotaka kufanya. Ila ujue Assuntina ana mzazi mmoja tu.

Incoronata


Gerezani, 11 Julai

Dada yangu Incoronata,

Pole kwa jicho, na Mama pole kwa mkono. Mwambie nimecheka peke yangu kwa ajili ya yale mate, wafungwa wenzangu wakadhani nimeshachanganyikiwa.

Barua yako niliipata Ijumaa. Sitakuandikia nilivyokuwa siku zilizofuata. Walinitia chumba cha peke yangu kwa usalama wangu, na ukuta wa chumba kile una alama zangu. Jumatatu nikaomba karatasi. Nilikuwa nimeshaamua neno la kumpelekea mzee wa Roma, lilikuwa neno fupi.

Kabla sijaliandika wakaniita kwa mgeni. Nilidhani ni mwanasheria. Alikuwa Galluzzi, bila sare. Wamemwachisha kazi, hukuniambia, labda ulikuwa hujui. Ameketi pale na kofia magotini. Nilimtazama taya, naye akaniacha nilitazame. Mlinzi wa zamu akasogea karibu, akidhani tutakabana koo.

Nilimuuliza kwa nini aliingia katikati. Akasema ilikuwa zamu yake. Nikamwambia asingeingia, leo waziri angekuwa kaburini, na ningelala usingizi.

Akachukua muda, maana maneno yanamuuma. "Ungemuua," akasema, "leo ningeitwa kutoa ushahidi dhidi yako. Malori yasingeulizwa na mtu. Yeye wangemjengea sanamu pale kwenye uwanja wenu wa mpira."

Nikamwambia tume haitamfanya kitu. Akakubali kwamba inawezekana isimfanye kitu. Lakini akasema yuko tayari kuyarudia ya malori kila atakapoitwa, na asipoitwa atayarudia sokoni, na kwamba wewe umeshayasema ya Filomena na hakuna awezaye kuyarudisha mdomoni mwako. Nikisikia waziri ameuawa, akasema, nijue nimewafunga midomo nyote wawili.

Sikumwomba radhi kwa taya. Nilimwonyesha vidole vyangu visivyokunjika, akavitazama, akatikisa kichwa, basi. Kuondoka alinipa mkono, nami nikampa ule mzima.

Mzee wa Roma nimempelekea neno kwamba aende zake. Simsamehe waziri, Dada. Nikitoka nikakutana naye njiani sijui mikono yangu itafanya nini. Ila simtumi mtu.

Na wewe nilikukasirikia. Yule alitucheleweshea malori, wewe ukanicheleweshea kifo cha mke wangu tangu vuli mpaka kiangazi. Nilikaa nayo hiyo siku nzima ukutani. Kisha nikafikiri kwamba katika nchi nzima hii, na mabwana zake wote na helikopta zao, ni mtu mmoja tu aliyemfikia Filomena kwa wakati, na alikuwa na mikono mitupu.

Nina ombi. Assuntina usimwambie tena niko Uswisi. Mkalishe, umwambie niko wapi na nilifanya nini. Kisha umwambie mama yake alikaa hai akimuulizia kama amekula, na kwamba ulimshika mkono. Ni mdogo, najua. Mwambie sasa. Usingoje nitoke.

Ndugu yako,
Canio